Rozari: Sala ya kutafakari, si ya kuhesabu maneno

ROZARI Takatifu ni ibada ya Wakatoliki inayosaliwa kwa kufuata shanga zilizotungwa pamoja na msalaba. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini rosarium, yaani bustani ya mawaridi.

Muumini huanza kwa ishara ya msalaba na Nasadiki, kisha husali Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu. Hufuata mafungu matano, kila fungu likiwa na Baba Yetu, Salamu Maria 10 na Atukuzwe Baba. Hivyo basi, rozari ya kawaida ina shanga 59: 53 za Salamu Maria na sita za Baba Yetu.

Kila fungu lina tendo lake la kutafakari. Matendo ya Furaha husaliwa Jumatatu na Jumamosi, ya Uchungu Jumanne na Ijumaa, na ya Utukufu Jumatano na Jumapili. Matendo ya Mwanga, ambayo ni ya Alhamisi, yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mnamo Oktoba 2002.

Mapokeo yasema Mtakatifu Dominiko alikabidhiwa sala hii na Bikira Maria katika karne ya 13. Wanahistoria, hata hivyo, huona kuwa ilikua hatua kwa hatua, waumini wasiojua kusoma wakisali Salamu Maria 150 badala ya Zaburi 150. Papa Pius V aliidhinisha muundo wake mnamo 1569.

Wapo Wakristo wanaoipinga wakirejelea Mathayo 6:7, ambapo Yesu aliwaonya wanafunzi wake dhidi ya kupayuka katika sala. Kanisa hujibu kwamba kiini cha Rozari ni maisha ya Kristo, nayo maneno yanayorudiwa huituliza nafsi ili iyatafakari. Papa Paulo VI mwenyewe alionya mnamo 1974 kwamba Rozari isiyo na tafakuri ni sawa na mwili usio na roho.

Nchini Kenya, ibada hii husikika katika jumuiya ndogondogo na nyumba zenye matanga, hasa miezi ya Mei na Oktoba. Lakini wapo pia wanaoitundika rozari garini au kuivaa shingoni kama kinga ya ajali na uchawi. Katekisimu ya Kanisa hukataza hirizi. Shanga hazimlindi mtu. Humsaidia tu kusali.