Nadharia za Kuzeeka na Tiba kwa Vitendo kwa Wazee

Nadharia za kuzeeka ni maelezo ya kitaalamu yanayojaribu kujibu kwa nini mwili huchakaa, kwa nini wazee wawili wa rika moja huishi maisha tofauti kabisa, na ni nini kinachomfanya mtu auone uzee wake kuwa na maana. Tiba kwa vitendo ni fani ya afya inayomsaidia mtu aliyepungukiwa na uwezo, kwa maradhi, ajali au umri, kurudia shughuli za maisha yake: kuoga, kuvaa, kupika, kusali, kulima, kushika hesabu za duka. Fani hiyo ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, New York, na imeazima nadharia za uzee kutoka kwa wanabiolojia, wanasaikolojia na wanasosholojia. Zipo zilizowanyanyua wazee kitandani, na zipo zilizowapa wahudumu sababu ya kuwaacha walale.

Mwili unaozeeka na mwili usiotumika

Nadharia za kibiolojia zina makundi mawili makubwa. La kwanza huona kuzeeka kuwa jambo lililopangwa ndani ya seli. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, huko Philadelphia, walionyesha kuwa seli za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Baadaye ikajulikana kuwa ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hufupika kadiri seli zinavyogawanyika. Utafiti juu ya ncha hizo uliwapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kundi la pili huona kuzeeka kuwa mrundikano wa madhara. Denham Harman, mwaka 1956, aliyahusisha madhara hayo na molekuli kali zinazozaliwa mwili unapotumia oksijeni.

Kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, mambo hayo ya maabara yanaeleza kwa nini nguvu hupungua, lakini hayasemi mzee huyu aliye mbele yake amebakiwa na nguvu kiasi gani. Sehemu kubwa ya unyonge unaosingiziwa umri hutokana na viungo kutotumika. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliandika habari za wakazi dhaifu wa makao ya wazee huko Boston, wenye miaka 86 hadi 96, walioanzishiwa mazoezi mazito ya miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mzee asiyeweza kuinuka kitini huulizwa kwanza amekaa hapo tangu lini, na kwa nini, ndipo aulizwe umri.

Mabishano ya Kansas City

Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry walitoa nadharia ya kujitenga. Walidai kwamba mzee na jamii huachana taratibu kwa ridhaa ya pande zote mbili: mzee hupunguza watu na majukumu, jamii nayo humpa kijana nafasi yake, na kifo kinapofika hakiyumbishi mambo. Walisema mwendo huo uko kila mahali duniani. Ushahidi wao ulitoka kwa wakazi wa Kansas City wenye afya njema na kipato cha kujitegemea, katika nchi ambayo watu hustaafu kazi kwa tarehe. Mkulima wa Rungwe au Kisii hana tarehe hiyo. Jembe huliweka chini siku mgongo unapokataa, na hata hapo hubaki shahidi wa mipaka ya shamba na mlezi wa wajukuu.

Nadharia hii ilikuwa na hatari yake katika huduma. Muuguzi anayeamini kwamba kujitenga ni maumbile hatamuuliza mzee aliyenyamaza kama anaumwa, kama masikio yamepungua, kama ana sonona, au kama choo kiko mbali mno kiasi kwamba ameamua kupunguza kunywa maji na kutotoka. Kila moja ya sababu hizo ina tiba.

Upande wa pili alisimama Robert Havighurst wa Chuo Kikuu cha Chicago na nadharia ya kujishughulisha: mzee atakayeridhika ni yule anayeendelea na shughuli za utu uzima wake, na akipoteza moja hutafuta nyingine ya kuziba pengo. Wahudumu wa wazee waliipenda, kwa sababu inahalalisha kazi yao. Lakini mwaka 1972 Bruce Lemon, Vern Bengtson na James Peterson walipoipima kwa watu waliohamia makazi ya wastaafu kusini mwa California, waligundua kwamba wingi wa shughuli kwa jumla haukuleta kuridhika. Kilichoonekana kuhusiana na kuridhika kilikuwa ni mtu kukutana na marafiki zake. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Bernice Neugarten, Havighurst mwenyewe na Sheldon Tobin walikuwa wamezirudia takwimu zilezile za Kansas City na kukuta kwamba hulka ya mtu ndiyo inayoamua: wapo wanaotulia wakiwa na mambo machache, na wapo wanaonyong'onyea wakikosa la kufanya.

Jaribio la Los Angeles

Swali la shughuli lilipata jibu lililo bora zaidi kutoka ndani ya tiba kwa vitendo yenyewe. Florence Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California waliwachukua wazee 361 wa Los Angeles, wenye miaka 60 na kuendelea, wanaojitegemea, wengi wakiishi katika nyumba za wazee wa kipato cha chini. Waliwagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja halikupewa huduma yoyote. La pili lilipewa shughuli za kuchangamsha, kama kazi za mikono, filamu, matembezi na dansi, chini ya watu wasio wataalamu. La tatu lilikutana na wataalamu wa tiba kwa vitendo saa 2 kila wiki kwa miezi 9, pamoja na saa 9 za mtu mmoja mmoja.

Kundi hilo la tatu halikuburudishwa. Kila mzee aliongozwa kuichunguza siku yake mwenyewe: anaamka kufanya nini, kipi amekiacha na kwa hofu gani, basi lipi litamfikisha anakotaka kwenda, afanyeje kazi za nyumbani bila kuumiza viungo. Kisha alijaribu mabadiliko na kurudi kueleza yalivyokwenda. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Kundi la tatu liliwapita wengine katika afya, uwezo wa kutenda na kuridhika na maisha. Kundi la burudani halikuwa na nafuu kuliko lile lisilopewa chochote.

Hapa ndipo nadharia ya kujishughulisha ilipokutana na mpaka wake. Makao mengi ya wazee bado yanahesabu mafanikio kwa ratiba iliyojaa, na mzee aliyeshona vitambaa asivyovihitaji huandikwa kuwa "ameshiriki". Kumshughulisha mzee bila kujua shughuli hiyo ina maana gani kwake ni kupoteza muda wake, na muda ndicho alichobakiwa nacho kidogo.

Mwendelezo wa mtu

Robert Atchley, aliyeitangaza nadharia ya mwendelezo mwaka 1971 na kuipanua mwaka 1989, alisema kuwa watu wanapozeeka hujitahidi kuhifadhi mwenendo wao, wa ndani na wa nje: wanavyojiona, wanavyozoeana na watu, wanavyopenda kufanya mambo. Kuzoea hali mpya huwa rahisi pale jipya linapofanana na la zamani. Nadharia hii inakaa vizuri na kielelezo kilichoandikwa na Gary Kielhofner na Janice Burke mwaka 1980, ambacho leo hutumiwa sana katika fani hii. Kielelezo hicho humtazama mtu kwa utashi wake, mazoea yake na uwezo wake wa kutenda, ndani ya mazingira anayoishi.

Ndiyo maana mahojiano mazuri ya kwanza hayaanzi na ugonjwa. Baada ya "Shikamoo, bibi", huja "Ukiamka asubuhi ulikuwa unaanza na nini?", kisha "Nani alikuwa anakutegemea?" Aliyekuwa mshonaji, mpishi wa shughuli au mwalimu wa madrasa ana mazoea ya miaka 50 mikononi mwake, na mazoea hayo yanaweza kuwa dawa kuliko mpira wa kuminyaminya. Nadharia ya mwendelezo ina udhaifu wake, kwamba inamfaa zaidi mtu mwenye afya. Ugonjwa mkubwa ukikata uzi, inahitajika nadharia nyingine inayosema uungwe vipi.

Kuchagua, kuboresha na kufidia

Nadharia hiyo iliandikwa na Paul Baltes na Margret Baltes huko Berlin, na kuelezwa kwa ukamilifu mwaka 1990. Mtu anayezeeka vizuri, walisema, huchagua mambo machache yaliyo muhimu, huyaboresha kwa mazoezi, na hufidia kilichopotea kwa njia nyingine. Mfano wao maarufu ni mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza idadi ya tungo alizopiga, akazifanyia mazoezi zaidi, na alipokaribia sehemu za kasi alianza kwa kupunguza mwendo ili kasi inayofuata isikike kubwa.

Tuihamishie jikoni. Bibi wa miaka 74 wa mwambao amepata kiharusi, mkono wa kulia umelegea, na anasema anataka kupikia wajukuu wali wa nazi. Kukuna nazi kwa mbuzi ni kazi ya mwili mzima: kuketi chini sana huku nyonga zimekunjwa, kukandamiza kifuu kwa mikono miwili, kukizungusha kwenye meno ya chuma, na kuinuka tena. Mtaalamu huipasua kazi hiyo hatua kwa hatua na kutazama inakwama wapi. Huenda bibi akachagua kuwaachia wajukuu kukuna, yeye akabaki na kuchuja tui na kuonja chumvi. Huenda mbuzi ikafungwa juu ya benchi ili asiiname. Huenda mkono mlegevu ukapewa kazi ya kushikilia bakuli tu, kila siku, mpaka upate la zaidi. Chakula kikiwekwa mezani kwa jina lake, nafasi yake nyumbani imerudi. Mtaalamu akimwamulia bibi kwamba kununua nazi ya unga kunatosha, amemtatulia tatizo lisilokuwa lake.

Nyumba nayo ni sehemu ya uzee

M. Powell Lawton na Lucille Nahemow, mwaka 1973, walieleza uzee kama uhusiano kati ya uwezo wa mtu na madai ya mahali anapoishi. Mahali pakidai kupita uwezo, mtu hushindwa. Pakidai kidogo mno, huduma ikawa ya kumfanyia kila kitu, uwezo uliobaki hudumaa. Nusu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa na jamaa wenye mapenzi mema, wanaomwambia mzee "Wewe pumzika tu". Ellen Langer na Judith Rodin walionyesha hatari hiyo mwaka 1976 katika makao ya wazee huko Connecticut: waliohimizwa kuamua mambo yao na kupewa mmea wa kutunza walichangamka kuliko waliotunziwa kila kitu, mmea ukiwemo.

Kutokana na mkondo huu wa mawazo, Sarah Szanton wa Johns Hopkins, Baltimore, alianzisha mpango unaopeleka nyumbani kwa mzee watu watatu: mtaalamu wa tiba kwa vitendo, muuguzi na fundi. Mzee ndiye anayetaja malengo, na fundi hufunga mshikio bafuni au kutengeneza ngazi kulingana na malengo hayo. Kwa Afrika Mashariki, wazo la fundi ndani ya timu ya afya linastahili kuigwa haraka. Kizingiti kirefu, choo cha kuchuchumaa kilicho uani na ndoo ya maji isiyonyanyulika havionekani wodini, na seremala wa mtaa anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo kwa siku moja.

Kumbukumbu

Erik Erikson, katika kitabu chake cha 1950, aliuona uzee kuwa ni mvutano kati ya kuyakubali maisha jinsi yalivyokuwa na kukata tamaa. Robert Butler, daktari wa akili, aliandika mwaka 1963 kwamba kuyapitia upya maisha ya nyuma ni kazi ya kawaida ya nafsi, wakati ambapo wengi waliichukulia kama dalili ya akili kudhoofika. Tangu hapo kusimulia kumekuwa chombo cha tiba: picha za zamani, ala za kazi, vyakula vya utotoni. Lars Tornstam wa Uppsala, Sweden, akaongeza kuwa baadhi ya wazee hutamani upweke na tafakuri kwa sababu wamekua kiroho. Mzee anayerefusha nyiradi baada ya swala huenda hajajitenga na mtu. Kumtofautisha na aliyeshikwa na sonona kunataka mtaalamu akae naye, amsikilize.

Wilaya ya Hai

Tanzania hufunza wataalamu wa fani hii katika hospitali ya KCMC, Moshi, na Kenya huwafunza katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC. Kilomita chache kutoka Moshi, katika wilaya ya Hai, kumefanyika utafiti mkubwa wa demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili, vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kuwa watu 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wana ugonjwa huo. Kisha ikaletwa tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, iliyobuniwa Uingereza, yenye vikao 14 vya michezo, mazungumzo na kazi ndogondogo. Ilibidi ibadilishwe, kwa sababu mazoezi mengi yalitegemea kusoma na kuandika, na wazee wengi wa Hai hawakupata shule. Wazee 34 walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Uwezo wao wa akili ulipanda, na wasiwasi wao ulipungua.