Kiswahili cha Kamwokya

Mkazi wa Kamwokya atakuambia kwa Kiganda kwamba Kiswahili hakijui, na papo hapo ataagiza kikomando na kuita bodaboda. Mtaa huu wa Kampala, jirani na kilima cha Kololo, ndiko alikokulia mwanamuziki na mwanasiasa Bobi Wine. Vijana wa mtaa huu huzungumza Kiganda na Luyaaye, lugha ya vijiweni. Ndani ya lugha hizo Kiswahili kimejaa tele, na kila neno lina zama zake.

Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Suuna II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, katika miaka ya 1840. Waganda wakayachukua maneno yao na kuyavika vazi la kwao: emmeeza, ekitabo, ssabbuuni. Ukaja ukoloni, Kiswahili kikawa lugha ya amri jeshini na polisi. Gavana Gowers alipotaka kukieneza shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alisimama kukitetea Kiganda.

Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwafukuza Waasia, maduka yao yakagawiwa askari na wapambe. Raia wakawabandika matajiri hao wapya jina la "mafuta mingi". Mswahili wa Unguja angesema "mengi", lakini Uganda nzima ilijua anayesemwa ni nani. Sukari na sabuni zikaadimika, magendo yakashamiri. Amin alipokitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikisikia kama sauti ya kambini.

Rais Milton Obote aliporudi madarakani, kati ya 1980 na 1985, askari walikuwa wakizingira mitaa alfajiri, wakiwaswaga watu kwenye malori: "Panda gari!" Amri hiyo ikawa jina la misako yenyewe. Wapo waliopanda wasirudi.

Maneno ya leo yana nafuu. Bodaboda ilizaliwa mpakani Busia, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, shibe ya mwenye shilingi chache.

Tangu 2005 Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu atakayetumwa Kamwokya asianze kwa kuwacheka watoto wanaosema "mingi". Aanze na maneno waliyorithi kwa wazazi wao, awaeleze yalikotoka, kisha awafundishe sarufi. Lugha iliyoogopwa miaka mingi haipendwi kwa amri nyingine.