Kilicho Chini ya Lami: Edinburgh na Gharama ya Kupitisha Tramu Katikati ya Jiji

Mipango ya njia ya tramu katikati ya jiji hujadiliwa zaidi kwa mambo yanayoonekana: reli zipite mtaa gani, vituo vikae wapi, magari yapunguzwe kiasi gani. Makala hii inashikilia kwamba swali linaloamua hatima ya mradi liko chini ya lami, na kwamba mamlaka inayotia saini mkataba mkuu kabla ya kulijibu huwatwisha wakazi na wenye maduka hasara ambayo haikuandikwa popote katika bajeti. Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, unatupa ushahidi adimu, kwa sababu jiji hilohilo lilijenga vipande viwili vya njia moja kwa taratibu mbili zilizotofautiana sana.

Bunge la Uskoti lilipitisha sheria za kuruhusu tramu mwaka 2006. Njia ilikusudiwa kuanzia uwanja wa ndege, ipite Haymarket na Princes Street, iteremke Leith Walk hadi bandarini Leith, kisha iishie Newhaven. Mwaka 2007 serikali mpya ya chama cha SNP ilitaka kuufuta mradi, lakini wabunge wakaunusuru kwa kura. Serikali ikakubali kuchangia hadi pauni milioni 500, huku ikiiondoa idara yake ya uchukuzi kwenye usimamizi wa karibu. Kazi ikabaki mikononi mwa TIE, kampuni iliyomilikiwa na Halmashauri ya Jiji.

Kuhamisha mabomba na nyaya kulianza mwaka huohuo. Hii ni kazi isiyokwepeka. Reli za tramu hulazwa juu ya tabaka la zege, na bomba la maji likipasuka chini ya zege hilo, fundi hawezi kulifikia bila kusimamisha usafiri wa tramu hapo. Kwa hiyo kila bomba la maji na gesi, kila mfereji wa majitaka, kila waya wa umeme na simu ulio chini ya njia huondolewa au hulindwa mapema. Katika mitaa ya zamani kama ya Edinburgh, michoro iliyokuwa makabatini haikulingana na kilichokutwa ardhini. Kila shimo lilizaa shimo jingine.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika. Mei 2008, mabomba yakiwa hayajamaliza kuhamishwa na usanifu wenyewe haujakamilika, TIE ilitia saini mkataba mkuu na muungano wa Bilfinger Berger na Siemens, pamoja na CAF waliotengeneza magari ya tramu. Umma uliambiwa kwamba sehemu kubwa ya bei haitabadilika. Lakini ndani ya mkataba kulikuwa na jedwali la mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli wakati wa kupanga bei, mojawapo likiwa kwamba njia itakuwa imesafishwa. Kila jambo lililokwenda kinyume na jedwali hilo lilimpa mkandarasi haki ya kudai nyongeza. Bei ilikuwa imara kwenye karatasi tu, kwa jiji ambalo halikuwapo. Februari 2009 mgogoro ukazuia kazi Princes Street, barabara kuu ya maduka, wakati ilikuwa tayari imefungwa. Mabishano yakaendelea hadi usuluhishi wa Machi 2011, na TIE ikavunjwa mwaka huo.

Tramu ilianza kubeba abiria Mei 31, 2014, ikiishia York Place katikati ya jiji, kilomita 14 kutoka uwanja wa ndege. Gharama ilifika pauni milioni 776, ilhali pauni milioni 545 ndizo zilizokuwa zimetengwa kufikisha njia hadi Newhaven.

Takwimu hizo hunukuliwa sana. Hasara ya Leith hutajwa kidogo, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha suala hili. Leith Walk ilichimbwa, maduka yakazungukwa na uzio, wateja wakatafuta mitaa mingine, kisha mradi ukafupishwa na tramu haikufika. Constitution Street mafundi walikuta makaburi ya kale ya kanisa la South Leith, na wanaakiolojia wakafukua mabaki ya watu wapatao 400. Muongo mmoja baadaye mtaa huohuo ulichimbwa tena, yakapatikana mabaki ya watu wengine zaidi ya 350. Watu wa Leith walikuwa na historia ndefu ya kuachwa njiani: hadi mwaka 1922, abiria walilazimika kubadilisha tramu mpakani Pilrig, kwa sababu Leith ilitumia umeme na Edinburgh ilivuta tramu zake kwa kamba za chuma chini ya barabara.

Kipande cha pili, kilomita 4.7 hadi Newhaven, kiliidhinishwa Machi 2019. Safari hii mkataba wa kuondoa vizuizi vya ardhini ulitenganishwa na ule wa ujenzi. Wakandarasi walipewa muda wa kuhakiki usanifu na bei kabla ya kazi kuanza. Ukanda wote wa njia ulipaswa kusafishwa kabla ya watandika reli kuingia. Mfuko wa kuwasaidia wafanyabiashara ukaanzishwa, na vituo vya kupokelea mizigo ya madukani vikawekwa. Korona ilisimamisha kazi mwaka 2020, lakini njia ilifunguliwa Juni 7, 2023, ndani ya bajeti ya pauni milioni 207. Ripoti ya uchunguzi wa jaji Lord Hardie kuhusu kipande cha kwanza, uliotangazwa mwaka 2014, ilitoka miezi mitatu baadaye.

Ulinganisho huu una mipaka, na haki inadai itajwe. Magari 27 yaliyonunuliwa awali yalikuwa yamekusudiwa njia nzima, hivyo Newhaven haikuhitaji magari mapya. Baadhi ya mabomba ya Leith yalikuwa yamekwisha kuhamishwa. Hata baada ya kuzingatia hayo, tofauti ya taratibu inabaki, na Dublin inaitilia nguvu. Huko njia mbili za tramu ya Luas zilifunguliwa mwaka 2004 bila kukutana, kwa kuwa moyo wa jiji ulikwepwa. Zilipounganishwa, kazi za mabomba na vyumba vya chini ya barabara zilianza mwaka 2013, kabla ya ujenzi mkuu, na njia ikafunguliwa Desemba 9, 2017. Msongamano wa mabasi eneo la College Green katika wiki za mwanzo ulionyesha kwamba barabara ya juu nayo inadai hesabu yake, ila hilo lilirekebishwa kwa kubadilisha njia za mabasi. Bomba lililo chini ya zege halirekebishwi hivyo.

Wasomaji wetu wanaokaa kwenye bodi za uchukuzi na kamati za zabuni wadai mambo mawili kabla ya kuidhinisha mkataba mkuu: ramani ya ardhini iliyothibitishwa kwa kuchimba, wala si kwa kunakili michoro ya zamani, na fidia ya wenye maduka iliyoandikwa ndani ya gharama za ujenzi. Mradi usio na viwili hivyo urudishwe mezani.