Chungu cha Maua na Miezi Isiyo na Maua

Kwa wauza miche wa kando ya barabara, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, mnunuzi huchagua mmea ukiwa umechanua, kisha hugeukia vyungu na kutafuta kinachopendeza pamoja na ua lile. Naamini hapo ndipo maua mengi ya vyunguni yanapoanza kufa. Mmea uliochanua uko katika siku zake bora, na siku hizo hazikipi chungu mtihani wowote. Mtihani uko kwenye miezi mingine: ya baridi, ya jua kali, ya mvua isiyokatika. Nikilinganisha mila za kupanda maua vyunguni, naona zile zilizodumu zilikiumba chombo kwa ajili ya miezi hiyo, na uzuri ukafuata nyuma.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Versailles, Ufaransa. Mfalme Louis XIV aliipenda michungwa na harufu ya maua yake, lakini mchungwa hauwezi kuvumilia majira ya baridi ya Paris. Kati ya mwaka 1684 na 1686 msanifu Jules Hardouin-Mansart akamjengea jumba la kuihifadhi, lenye ukumbi wa urefu wa takriban mita 150, kuta nene, na madirisha makubwa yanayotazama kusini ili kunasa jua hafifu la baridi. Mpaka leo miti inayozidi elfu moja hutolewa nje katikati ya Mei na kurudishwa ndani Oktoba. Ratiba hiyo inakidai chombo mambo mawili yanayopingana. Kiwe chepesi kiasi cha kubebeka mara mbili kwa mwaka, na hapo hapo kiweze kuulea mti kwa miongo na miongo, ingawa udongo wa chombo chochote huchoka baada ya miaka michache.

Jibu la Wafaransa ni sanduku la mraba la mbao ndani ya fremu ya chuma, ambalo mbavu zake hufunguka. Mtunza bustani hufungua ubavu mmoja, hukata mizizi iliyosongamana, huondoa udongo uliochakaa, huweka mpya, kisha hufunga. Mti wenyewe haung'olewi. Sijui chombo kingine cha maua kilichofikiriwa kwa undani kiasi hiki. Siku hizi umbo lake limeenea duniani kama pambo la milango ya hoteli, mara nyingi likiwa limepigiliwa misumari pande zote nne, na kwa hiyo limepoteza lile hasa lililoundiwa.

Waitaliano walikuwa na tatizo hilohilo wakalijibu kwa udongo. Katika jumba la Castello karibu na Firenze, ambalo bustani yake ilianza kupangwa na Niccolò Tribolo mwaka 1538, milimau na jamii zake bado hukaa kwenye vyungu vikubwa vyekundu, na hulazwa ndani wakati wa baridi. Vyungu vya aina hiyo hufinyangwa Impruneta, mji mdogo jirani, kwa udongo uliosifika kwa kuhimili barafu. Chungu cha kawaida hunywa maji kwenye vinyweleo vyake. Maji yakiganda hutanuka, na chungu hupasuka. Cha Impruneta huishi vizazi. Umbo lake nalo lina akili: mdomo mpana, kitako chembamba, mbavu zilizonyooka, ili mti uteleze nje pamoja na donge lake la udongo pindi unapohitaji kubadilishiwa. Linganisha na vyungu vyenye shingo nyembamba kama mtungi, vinavyopendwa sana kwetu. Mizizi ikijaa tumboni mwa chungu cha namna hiyo, utachagua kimoja kati ya viwili: kuvunja chungu au kukata mizizi.

Ukivuka kwenda Córdoba, kusini mwa Hispania, adui anabadilika. Huko mwezi mbaya ni wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 40. Wenyeji hutundika vyungu vidogo vya udongo kwenye kuta nyeupe za nyua zao, na mashindano ya nyua hizo yaliyoanza mwaka 1921 yameingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu tangu 2012. Chungu kidogo juani hukauka upesi, na kwa macho ya Versailles hilo lingekuwa kosa. Lakini kuta za udongo usiong'arishwa hutoa jasho kama mtungi wa maji ya kunywa, na jasho hilo huipoza mizizi na kuupoza ua wa nyumba. Gharama yake ni kumwagilia bila kukosa, kwa kopo lililofungwa kwenye ncha ya ufito mrefu. Tena ua linalotawala pale ni jerania, mmea wenye asili ya kusini mwa Afrika, uliozoea kukaukiwa. Chungu na mmea vimechaguana.

Japani ndiyo inayoitikisa hoja yangu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Wakuzaji wa bonsai, miti inayodumazwa vyunguni, huchagua chungu kwa jicho kabisa. Msonobari hupewa chungu cha kahawia kisichong'aa, kama vile vya mji wa Tokoname. Azalea ya satsuki hupewa kilichong'arishwa, cha buluu au cha rangi ya maziwa, kwa kufikiria rangi ya maua. Tena chungu chenyewe ni kifupi kama sinia. Je, hapo ua halijatangulizwa?

Jibu linapatikana kwenye maji. Ukimwagilia chungu, si maji yote yanayotoka. Udongo hushikilia tabaka la maji chini kabisa, na kimo cha tabaka hilo hutegemea ukubwa wa punje za udongo, si kimo cha chungu. Chungu kirefu chenye udongo laini huwa na sehemu ndogo iliyolowa. Chungu kifupi chenye udongo uleule kinaweza kulowa karibu chote, na mizizi ikaoza. Ndiyo maana mkulima wa bonsai hupepeta udongo wake, akatupa vumbi na kubakiza punje nenenene zinazopitisha maji. Miti ya maua na matunda huipa chungu chenye kina zaidi kidogo, kwa sababu inakunywa sana. Na kabla ya kufika kwenye chungu cha maonyesho, mti umeishi miaka mingi kwenye chombo kikubwa kisicho na urembo, ukinenepa. Jicho linachagua mwisho, baada ya mizizi kuridhika.

Kanuni hiyohiyo ya maji inaivunja desturi iliyoenea kwetu, ya kutandika kokoto kitakoni mwa chungu ili maji yashuke. Hayashuki. Tabaka lililolowa hupanda tu na kukaa juu ya kokoto, na mizizi hubaki na nafasi ndogo zaidi. Tundu lisiloziba na udongo wa punje nene vinatosha.

Sasa pwani yetu. Asumini na mrehani, viungo vya kikuba, lile shada dogo linalonukia, vimelelewa nyuani na vibarazani kwa muda mrefu, na chombo chake kimekuwa mara nyingi debe la mafuta lililotobolewa kwa msumari. Nalitetea debe. Lina kina cha kutosha asumini, lina kitako kipana kisichoangushwa na upepo, na likioza kwa kutu linapasuliwa bila majuto wakati mmea unahitaji kuhama. Udhaifu wake ni kaskazi: bati likipigwa na jua hupika mizizi iliyo ubavuni, na ndoo nyeusi ya plastiki ni hivyohivyo. Dawa ni kulikinga ubavu wa magharibi, kwa ukuta au kwa chungu kingine, wakati majani yanaendelea kupata jua.

Chungu cha saruji kinalistahimili jua vizuri zaidi, ila kikiwa kipya hutoa chokaa. Gadenia na azalea hazikipendi. Majani huwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kiloweke kwanza na kubadilisha maji mara kadhaa, au kipe mbugenvilia, ambayo huvumilia zaidi, tena huchanua zaidi mizizi yake ikibanwa na udongo ukikauka kati ya maji na maji.

Na kuna waridi la jangwa, Adenium obesum, mmea wa nyika zetu wenyewe. Wakulima wa Thailand wameuzalisha kwa rangi za kila namna, na huuzwa ukiwa kwenye vyungu vinavyong'aa. Shina lake nene ni ghala la maji, kwa hiyo ukame hauutishi. Inayouua ni mvua ya masika. Unataka chungu kipana cha udongo mtupu, kisichong'arishwa, chenye tundu kubwa na mchanga wa punje nene, tena chepesi kiasi kwamba mtu mmoja aweze kukiingiza chini ya paa mwezi Machi na kukitoa mvua zikiisha.