SEHEMU YA 4: BASTOLA MLANGONI MWA HANDAKI

Ndugu zangu wa Karatu, kiangazi ndiyo hiki. Ukisimama Rhotia ukatazama juu, msitu wa Ngorongoro unaotupa maji unaanza kukauka, cheche moja tu inatosha. Oktoba 2020 tuliona Kilimanjaro ikiwaka, wananchi na wanafunzi wakipanda kuzima moto. Leo nawapa kisa cha zamani, halafu mtajua kwa nini nesi anakisimulia.

Ed Pulaski alikuwa askari wa misitu huko Idaho, Marekani. Tarehe 20 Agosti 1910 upepo mkali uliunganisha mioto mingi ikawa mmoja. Ndani ya siku mbili ekari kama milioni 3 ziliteketea. Pulaski alikuwa mlimani karibu na mji wa Wallace na watu kama 45, njia zimezibwa. Kwa kuwa aliijua milima ile, akawaongoza hadi kwenye handaki la mgodi wa zamani, akawaamuru walale kifudifudi.

Sasa sikia. Moshi ulipoingia watu walipagawa, wakataka kutoka. Kutoka ni kufa. Pulaski akachomoa bastola, akasema atakayejaribu atampiga risasi. Kisha akakaa yeye mlangoni, akitundika blanketi zilizolowa na kumwagia maji kwa kofia, mpaka akazimia. Watano walikufa mle ndani. Wengine wote wakatoka asubuhi wakiwa hai.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi naanzia hapo. Mikono iliungua, macho na mapafu yakaharibika. Matibabu alijilipia, serikali haikumfidia. Bado alirudi kazini, akaendeleza kifaa chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili. Wazima moto wa porini wanakitumia mpaka leo, na kinaitwa pulaski.

Kwa hiyo kijana wako akishuka kutoka kwenye moto, usiishie kumwita shujaa. Msikilize kifua. Akikohoa, sauti ikikwaruza au vinyweleo vya pua vikiwa vimeungua, mlete hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea mwenyewe. Palipoungua mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno hapana, mafuta hapana.

Na kabla hamjapanda, kubalianeni mambo mawili: nani anaongoza, na moto ukigeuka mnakimbilia wapi.

Sehemu ya 5: moshi unavyoua kabla ya moto.