Thierry Michel na filamu iliyozuiwa kwa sababu ya tafsiri

Wengi wetu tunaokutana hapa Nyarutarama tumetoka Kivu, kwa hiyo daktari Denis Mukwege hatuhitaji kutambulishwa. Je, Thierry Michel? Ni Mbelgiji, mzaliwa wa Charleroi mwaka 1952, na sehemu kubwa ya kazi yake ameifanyia Kongo, tangu bado inaitwa Zaire. Mwaka 1999 alitoa filamu juu ya Mobutu, na 2005 Congo River, ile ya kuupanda mto wote.

Shida kubwa ilikuja na filamu juu ya Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu aliyeitwa makao makuu ya polisi Kinshasa Juni 2010, kesho yake akakutwa amekufa ndani ya gari. Filamu ilitoka 2012. Julai mwaka huo Michel akatua Kinshasa, akarudishwa kutoka uwanja wa ndege.

Halafu ikaja L'homme qui répare les femmes, juu ya Mukwege na Hospitali ya Panzi, Bukavu. Septemba 2015 serikali ikaizuia. Msemaji wake, waziri Lambert Mende, alidai kwamba maneno ya akina mama, waliyoyasema kwa lugha za kwetu, yametafsiriwa vibaya kwa Kifaransa ili kulichafua jeshi.

Hapa tulibishana sana. Eti tafsiri! Si ungewasha tu filamu, mama yeyote wa Kadutu asikilize sauti, na kijana wake amsomee maandishi ya chini? Lakini waliozuiwa kuiona ni walewale wanaoijua lugha. Mtu wa Brussels, hajui Kiswahili wala Mashi, yeye aliiona. Tunaowatafsiria wazazi wetu kwenye ofisi za misaada tunajua neno moja likipinda, faili lote linapinda. Tafsiri mbaya zipo, hatukatai. Basi mwite mtu wa pili asikilize.

Kelele zikawa nyingi, ndani na nje, na Oktoba zuio likaondolewa. Mukwege alipata Tuzo ya Nobel ya Amani 2018.

Mmoja wetu aliuliza: kwa nini lazima Mbelgiji ndiye asimulie? Swali halali. Si lazima. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitoa Maman Colonelle mwaka 2017, juu ya afisa wa polisi Honorine, anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, akiwasikiliza wanawake waliobakwa. Mle ndani Kiswahili kinasikika.