Tunaiamini Injili: Je, na Biblia Tuiamini Kuwa Imetoka kwa Allah?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa suala na mzazi mmoja wa hapa Unguja, nasi tumeona tulijibu mbele ya wasomaji wote, kwani hali yake si ngeni visiwani kwetu. Mkewe alisilimu kabla ya kuolewa, na jamaa zake ni Wakristo wa Bara. Mama mkwe alipozidiwa na maradhi aliletwa hapa, akauguzwa nyumbani kwa mwanawe mpaka akafariki. Katika vitu vyake ikabaki Biblia. Ndugu wa mume akasema ichomwe moto, kwa kuwa ni uongo mtupu. Mke akalia. Mtoto wao wa kidato cha pili akauliza mbele ya wote: mbona chuoni tumesomeshwa kuwa asiyeiamini Injili imani yake haikutimia?

Mzazi anauliza mambo mawili. Je, Biblia tuiamini kuwa ni wahyi kutoka kwa Allah? Na hiyo iliyoko kabatini aifanye nini?

Tuanze na mtoto, maana kauliza sawasawa na asikemewe. Kuamini vitabu ni nguzo katika nguzo za imani, kama ilivyo katika hadithi ya Jibril anayoihifadhi kila mtoto wa chuoni. Katika Suratul Baqara, aya ya 136, tumeamrishwa tutamke kwamba tunayaamini waliyopewa Musa na Issa na Manabii wengine bila ya kuwabagua. Suratul Maida, aya ya 44 na ya 46, inaeleza kuwa ndani ya Taurati na ndani ya Injili mlikuwa na uongofu na nuru. Basi Muislamu anayesema "mimi Injili siitambui" amesema neno kubwa. Arejee.

Shida iko kwenye jina. Injili tunayoiamini ni ile aliyopewa Nabii Issa (A.S.), yaani maneno yaliyoteremshwa kwake kama Qur'ani ilivyoteremshwa kwa Mtume wetu. Injili zilizomo katika Biblia ni vitabu vinne vinavyosimulia habari zake, navyo vimenasibishwa kwa Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Hivyo vinne ni sehemu tu ya Agano Jipya lenye vitabu 27, na 21 kati ya hivyo ni barua. Mtu akikuuliza "unaiamini Injili?" nawe ukajibu ndiyo, pengine yeye anafikiria kitu kimoja nawe unafikiria kingine, na neno ni hilo hilo moja.

Kwetu sisi Waswahili mkanganyiko huu una historia. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na ambaye kaburi lake limo ndani ya kanisa la Mkunazini, alifanya kazi kubwa ya kutia vitabu vya Biblia katika Kiswahili. Kabla yake Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikwishaanza. Hawakuikuta lugha tupu. Waliikuta lugha ya Waislamu wa pwani, yenye nabii, malaika, sala, dhambi, Taurati, Zaburi na Injili, maneno ambayo wazee wetu walikuwa wakiyatumia karne nyingi kwa maana za kwetu. Wakayachukua, na hatuwalaumu, maana mfasiri hutumia lugha aliyoikuta, na hata Wakristo wa Kiarabu husema Injili. Lakini tangu hapo neno moja likabeba mizigo miwili, na watoto wetu wanaulizwa skuli suala ambalo hawajapewa ufunguo wake.

Jambo la pili ni insafu. Tusiwasingizie Wakristo wasichokisema. Wanazuoni wao walio wengi hawadai kuwa Biblia iliteremshwa neno kwa neno kama sisi tunavyosema juu ya Qur'ani. Wanasema iliandikwa na watu kwa lugha zao na tabia zao, huku Roho Mtakatifu akiwaongoza, na hilo ndilo wanaloliita uvuvio. Kanisa Katoliki lililieleza hivyo waziwazi katika Mtaguso wa Vatikani wa Pili, mwaka 1965, kwamba waandishi wale walikuwa waandishi wa kweli. Wapo Wakristo wengine wanaokwenda mbali zaidi katika kila herufi, ila si wote.

Ukishalifahamu hilo, suala linabadilika. Haliwi tena "Wakristo wanasema imeteremshwa, sisi tunakataa." Linakuwa: tuna ushahidi gani wa kuamini kwamba waandishi wale wote, katika kila kitabu kati ya hivyo, waliongozwa na Allah?

Hapo ndipo tunaposita, na sababu zetu zimo ndani ya kitabu chenyewe. Luka anaanza kwa kueleza kuwa amechunguza habari kwa waliozishuhudia, kisha akazipanga. Hiyo ni kazi ya heshima ya mwanahistoria, wala yeye hasemi kuwa ameletewa wahyi. Paulo, katika sura ya 7 ya barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, anapambanua: hili ni agizo la Bwana, na hili ni langu mimi, sina amri juu yake. Mtu anapokuambia mwenyewe kuwa hii ni rai yake, sisi tutaifanyaje kuwa maneno ya Allah? Na sura ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati inahadithia kufa kwa Nabii Musa (A.S.), kuzikwa kwake, na kwamba kaburi lake halijulikani mpaka leo. "Leo" ya nani? Ni dhahiri kuwa mkono mwingine umeandika.

Kisha kuna suala la idadi. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66, na ya Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia huhesabiwa 81. Mkristo ana maelezo yake kuhusu hilo. Sisi tunasema tu kwamba mpaka wa kitabu umewekwa na makanisa, na makanisa hayakukubaliana.

Na lililo kubwa kwetu sisi watu wa chuoni ni sanadi. Hadithi moja ya Mtume (S.A.W.) ikikatika mpokezi mmoja, tunaitoa katika daraja ya sahihi. Imam Bukhari hakumuonea haya mtu. Kipimo hicho tunachowapimia wetu, hatuwezi kukiweka pembeni tunapofika kwa vitabu ambavyo baina ya Nabii na mwandishi hatuoni mlolongo wa majina.

Hata hivyo, tunawanasihi ndugu zetu waache ile kauli ya mabarazani kwamba Biblia "inabadilishwa kila siku." Si kweli, na mtoto akienda nayo kwa mwenziwe anayejua ataaibika. Mwaka 1947 zilianza kupatikana nyaraka katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Miongoni mwake mlikuwa na kitabu cha Isaya ambacho ni cha kale kwa kiasi cha miaka 1000 kuliko nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana, na sehemu yake kubwa inalingana na kilichopo leo. Wanakili walikuwa waangalifu. Tofauti zipo, na nyingine si ndogo: aya 12 za mwisho wa Marko hazimo katika nakala mbili za zamani sana za karne ya nne, na tafsiri nyingi za siku hizi zinaweka alama mahali hapo. Wanaoweka alama hizo ni Wakristo wenyewe. Huo ni uaminifu wa kielimu, nasi tunaushukuru.

Basi wanazuoni wetu wamesemaje juu ya tahrifu, yaani kugeuza? Hawakusema kauli moja. Imam Bukhari, katika Kitabut Tawhid ya Sahihi yake, ametaja kauli inayonasibishwa kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa hakuna awezaye kuondoa tamko la kitabu cha Allah, bali kilichogeuzwa ni tafsiri. Na huyo huyo Ibn Abbas imepokewa kutoka kwake, tena katika Bukhari, kuwa aliwalaumu Waislamu wanaowauliza Ahlul Kitabi hali ya kuwa wamekwishaandika kwa mikono yao wakabadilisha. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 456 Hijria, alishikilia kuwa matamko yenyewe yamegeuzwa, na ni miongoni mwa wa kwanza kuisoma Taurati kwa urefu na kuorodhesha migongano yake. Ibn Taymiyya akapita katikati: baadhi ya matamko yamegeuzwa, mengi yamebaki, na kosa kubwa liko katika kufahamu. Kauli hii ya kati ndiyo tunayoiona nyepesi zaidi kuoanishwa na aya zote, kwani Qur'ani inawalaumu walioandika kwa mikono yao (Baqara, 79), na papo hapo inawaambia Mayahudi wa zama za Mtume (S.A.W.) kuwa wanayo Taurati yenye hukumu ya Allah (Maida, 43).

Kutokana na hayo, jibu letu ni hili: Biblia yote kwa ujumla wake hatuiamini kuwa ni wahyi, wala hatusemi kuwa yote ni uongo. Ni mkusanyiko ambao ndani yake mna mabaki ya waliyopewa Manabii, mna historia, na mna maneno ya watu. Mwenye kutupambanulia ni Qur'ani, ambayo aya ya 48 ya Suratul Maida imeipa cheo cha muhaymin, yaani msimamizi na shahidi juu ya vitabu vilivyotangulia.

Inavyofanya kazi ni hivi. Biblia ikisema Mungu ni mmoja, au kuwaheshimu wazazi ni wajibu, tunasadiki, kwani yamethibiti kwetu. Ikisema kuwa Harun (A.S.) ndiye aliyewatengenezea watu ndama, kama ilivyo katika Kutoka sura ya 32, tunakataa, kwani Suratu Taha imebainisha kuwa aliyefanya ni Samiri na kwamba Harun aliwakataza. Ikisema kuwa Suleiman (A.S.) moyo wake uligeukia miungu mingine, tunakataa vilevile kwa aya ya 102 ya Baqara. Na yale ambayo Qur'ani imeyanyamazia, kama majina ya wana wote wa Yaqub (A.S.), tunanyamaza nayo. Abu Huraira (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza tusiwasadikishe Ahlul Kitabi wala tusiwakadhibishe. Watu husahau nusu ya pili ya katazo hilo. Kukadhibisha nako kumekatazwa, kwa sababu huenda unalolikadhibisha ni neno la Mola wako.

Hapa tuseme kidogo juu ya mihadhara. Sisi ni wa kizazi kilichokua na kanda za Sheikh Ahmed Deedat wa Durban, zikipita mkono kwa mkono, na wengi zilitutia hamu ya kusoma. Lakini tumewasikia wahadhiri wetu wakisimama na Biblia mkononi kuthibitisha kuja kwa Mtume (S.A.W.), na baada ya nusu saa wakisema kitabu hicho hakifai kitu. Haiwezi kuwa hivyo. Al-Biqai, mfasiri aliyefariki mwaka 885 Hijria, alinukuu Taurati na Injili katika tafsiri yake. Wenziwe wakamjia juu, naye akaandika kitabu kizima kujitetea, akieleza kipi kinanukuliwa na kwa sharti gani. Hiyo ndiyo adabu ya elimu. Kwa asiyekuwa na msingi, na hasa kwa watoto, kuisoma ili kutafuta uongofu hatumruhusu. Kuisoma kwa mwenye elimu ili ajue na ajibu, hapana ubaya.

Sasa tuje kabatini. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kuwa Mayahudi walimwita Mtume (S.A.W.) awahukumie, wakamwekea mto akalie. Ilipoletwa Taurati, aliuvuta mto ule chini yake, akaiweka Taurati juu yake, akatamka kuwa anaiamini na anamuamini aliyeiteremsha. Wapo wanazuoni wa hadithi walioiita hasan. Basi kitabu chenye jina la Allah na majina ya Mitume wake hakitupwi jaani wala hakichomwi kwa dharau. Tunajua kuwa Sayyidna Uthman (R.A.) alichoma nakala kwa ajili ya kuihifadhi Qur'ani, lakini nia yake na nia ya shemeji huyu haziko pamoja. Na anayekihamisha kabatini halazimiki kuwa na udhu, kwani hukumu ya msahafu ni ya msahafu peke yake.

Tena lipo jambo ambalo shemeji hakulifikiria. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, kutokana na hadithi ya Usama bin Zayd (R.A.), Muislamu harithi kwa asiyekuwa Muislamu. Maana yake Biblia ile si mali ya nyumba hiyo. Ni ya warithi wa marehemu, nao ni Wakristo. Kuichoma ni kuharibu mali ya watu, mbali na kuwavunjia heshima wafiwa. Irejeshwe kwao pamoja na vitu vyake vingine, kanga zake na chochote alichokuja nacho. Wakisema mtoto wao abaki nayo kama kumbukumbu ya mama yake, hapana dhambi kuiweka, ila isifanywe kitabu cha kuongozea imani ya watoto.

Na mke asilaumiwe kwa machozi yake. Mama wa Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) alimjia mwanawe hali ya kuwa ni mushriki, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha Asmaa amuunge. Huyu kamuuguza mama yake mpaka mwisho, kwa idhini na msaada wa mumewe, na jambo hilo tunataraji lina malipo kwa wote wawili. Tungependa mume amsindikize mkewe kwenda Bara, waipeleke Biblia hiyo pamoja kwa jamaa zake, ikiwa imefungwa vizuri.

Wallahu a'lam.